Unga wa usipa, baada ya kuipua

Mpishi wa Kifaransa akishaipua sufuria bado ana kazi. Hapo ndipo anaponyunyiza chumvi ya chenga, anakoroga kijiko cha haradali, anadondoshea siki au kuyeyushia kipande cha siagi. Vitu hivi vikifika Dar es Salaam huuzwa ghali, katika vichupa vidogo, na wanunuzi wengi huviingiza chunguni pamoja na vitunguu. Fedha yao huishia hewani.

Chukua haradali ya Dijon. Ukali wake hauko tayari ndani ya mbegu. Hutokea mbegu zinaposagwa na kukutana na maji, nao ni mwepesi kuruka. Mchuzi ukichemka nayo nusu saa, kinachobaki ni uchachu na rangi. Ndimu nayo ni hivyo: uchachu wake hustahimili moto, lakini harufu iliyo kwenye mafuta ya ganda lake haistahimili. Ndiyo maana samaki wa kuchemsha aliyekamuliwa ndimu mezani hunukia kuliko yule aliyepikwa nayo tangu mwanzo.

Chumvi ya Guérande, pwani ya magharibi ya Ufaransa, ina siri nyingine. Hujitanda juu ya maji ya mabwawa siku za jua na upepo, ikaenguliwa kwa mkono. Chenga zake hazina wakati wa kuyeyuka juu ya chakula, kwa hiyo ulimi huzikuta moja moja. Ndani ya mchuzi hazina tofauti na chumvi yoyote. Tena, kwa kawaida haitiwi madini joto, na nyanda zetu za kusini ni miongoni mwa sehemu zilizosumbuliwa sana na goita. Mtu wa Mbinga asiiache chumvi yenye madini joto kwa ajili ya chumvi ya fahari; na hiyo yenye madini joto pia aitie mwishoni, kwa kuwa moto mrefu huyapunguza.

Kinachonivutia zaidi ni pissalat ya Nice: samaki wadogo wa baharini waliolazwa kwenye chumvi pamoja na karafuu na pilipili manga mpaka wakawa rojo. Kidogo tu hupakwa juu ya mkate wa vitunguu. Kazi yake ni kukoleza, wala hakuna anayeihesabu kuwa kitoweo. Sisi tuna usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa ufukweni Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, kisha hupandishwa milimani hadi Mbinga. Tunawala kama kitoweo, na ni sawa. Lakini kama kikolezo hatujawatendea haki.

Samaki anapokufa, akiba ya nguvu iliyomo kwenye misuli yake huvunjika na kuacha inosineti, ambayo hubaki hata akikauka. Nyanya iliyoiva ina glutameti, ile ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliibainisha mwaka 1908 katika supu ya mwani. Kila moja peke yake ina utamu wa supu, wa kiasi. Zikikutana, utamu huo huongezeka mara nyingi kuliko jumla yao. Kwa hiyo sufuria ya maharage ya Umatengo, huko Mbinga, yaliyoungwa kwa nyanya inamsubiri usipa.

Nunua waliokaushwa juu ya chanja. Wa mchangani hukwaruza meno hata ukiwaosha. Wawe na rangi ya fedha. Wakiwa na manjano na harufu ya mafuta ya zamani, waache. Ng'oa vichwa na matumbo, maana uchungu umo humo. Wakaange bila mafuta, moto mdogo, mpaka wavunjike kwa vidole, kisha watwange na pilipili kichaa kavu. Ipua maharage, nyunyiza kijiko kimoja cha chai kwa kila bakuli, koroga, kamua ndimu. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwa sababu mara nyingi haitahitajika.

Usisage wa mwezi mzima. Mafuta ya usipa yakishafunguka huchacha upesi, hasa masika, kwa hiyo saga wa wiki moja na ufunge chupa vizuri, mbali na jiko.