Meno ya tairi hayabebi mzigo

Muuzaji wa matairi pale Gerezani, Kariakoo, akimwona mwenye pikapu anaingia dukani huanza na meno. Atalipiga kofi tairi lenye mabonge makubwa ya mpira, aseme, "Bosi, hili plai kumi, linakufikisha popote," kisha ataje bei. Mteja, ambaye kichwani ameshavuka matope yote ya Kilombero, anaanza kuomba apunguziwe bei ya kitu ambacho pengine hakihitaji.

Kwa mtu anayetafuta tairi la njia zote kwa bei ya wastani, meno ni jambo la kutazama mwisho. Yanayoamua kama pesa yake imekwenda vizuri yameandikwa ubavuni kwa herufi ndogo, na wauzaji wengi hawatakusomea usipouliza.

Chukua Toyota Hilux, ambayo matoleo yake mengi ya miaka ya karibuni hufungwa tairi la 265/65R17. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni inchi za rimu. Hadi hapo madereva wengi wanajua. Kinachorukwa ni maandishi yanayofuata, kwa mfano 112S. Namba 112 inasema tairi moja, likiwa na upepo unaotakiwa, linabeba hadi kilo 1,120. Herufi S ni kikomo cha mwendo, kilomita 180 kwa saa. Manne kwa pamoja yanabeba kilo 4,480, wakati Hilux na shehena yake yote inaruhusiwa kufikia takribani tani tatu. Ekseli ya nyuma ndiyo inayolemewa zaidi, lakini bado kuna nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo yule anayepakia mifuko michache ya saruji mwisho wa wiki na kupeleka familia kijijini Desemba hana sababu ya kulipia plai kumi. Zamani, nyuzi zilipokuwa za pamba, plai zilikuwa tabaka zinazohesabika. Leo "plai kumi" ni daraja la nguvu tu, linaloandikwa kwa herufi E, na ndani tabaka zenyewe ni chache kuliko hizo. Tairi hilo ni zito na gumu. Pikapu ikiwa tupu, nyuma huruka kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi, na gurudumu lililo hewani haliwezi kushika breki. Dizeli nayo inaongezeka. Mwenye Land Cruiser ya mkonga anayesomba magunia ya mahindi kutoka shambani hadi soko la Kibaigwa ana hesabu tofauti kabisa. Huyo anahitaji tairi la kazi, lenye herufi LT au C na namba ya mzigo ya 115 kwenda juu, na kila shilingi ya ziada anayoilipa inarudi.

Sasa meno. Mafundi hugawa matairi ya pikapu katika makundi matatu, nayo yamo kwenye majina ya biashara: H/T ni la lami, A/T ni la njia zote, M/T ni la matope. La matope hujulikana kwa mapengo mapana ambayo hutema udongo gurudumu linapozunguka. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, masika yakiwa yamekolea, lina faida ambayo A/T haliwezi kuifikia. Lakini pengo ni mahali ambapo mpira haugusi barabara. Ukishuka Kitonga mvua inanyesha, na pikapu haina kitu nyuma, unahitaji mpira mwingi uliogusana na lami, tena wenye mikato midogo midogo juu ya kila bonge ili maji yapate pa kukimbilia. Mikato hiyo ndiyo hukosekana kwenye matairi mengi yanayotisha kwa sura. Lisogelee tairi, ulitazame kwa karibu. Kama kila bonge ni laini juu kama kipande cha sabuni, hilo ni tairi la picha.

Barabara za wilaya, zile zilizo chini ya TARURA, sehemu kubwa ni udongo na changarawe. Huko adui wa kila siku ni jiwe lenye ncha kuliko matope, na jiwe huchana ubavu. Pancha ya kati fundi ataiziba kwa elfu chache. Ubavu ukichanika, tairi limekwisha. Kwa anayeishi Longido au Loliondo, basi, swali la kumuuliza muuzaji ni ubavu una tabaka ngapi. Jibu huandikwa kwenye tairi lenyewe, sehemu inayotaja idadi ya tabaka za ubavuni na za kati. Ubavu wa tabaka tatu ukipatikana kwa tofauti ndogo ya bei, huko mawe yalikojaa, uchukue.

Kuna alama moja inayopandisha bei bila kutufaa: mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Inathibitisha kwamba tairi limefaulu jaribio la kushika theluji. Hata Kilimanjaro hakuna pikapu inayofika kwenye theluji.

Halafu kuna umri. Tafuta neno DOT, ufuate mstari wake hadi tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, nao ndio uliogeuziwa ukutani. Mpira huzeeka hata bila kutembea, na joto la stoo ya bati ya Dar es Salaam huharakisha uzee huo. Tairi la miaka mitano lililopakwa dawa ya kung'arisha linaonekana jipya kuliko la mwezi uliopita. Mimi silipi bei ya jipya kwa tairi lililozidi miaka mitatu. La kuchongwa silitazami kabisa: anayekata mifereji mipya kwenye tairi kipara la pikapu anakaribia nyuzi, na matairi yanayoruhusu kuchongwa, mengi yakiwa ya malori, huandikwa hivyo ubavuni.

Kuhusu majina, tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimame, Tanzania inategemea matairi ya nje. Ya bei ya juu kama BFGoodrich ni mazuri, ila kati yake na yale ya bei ya kutupwa kuna tabaka pana la Maxxis ya Taiwan, Kumho na Hankook za Korea, na Apollo ya India. Hapo ndipo mwenye bajeti atafute. Bei igawe kwa kilomita. Tuseme tairi la shilingi 350,000 linaisha kwa kilomita 35,000, na la shilingi 550,000 linafika 70,000. La kwanza limekula shilingi kumi kila kilomita, la pili chini ya nane. Muulize dereva wa njia yako mwenye tairi hilo amefikisha ngapi, maana muuzaji hajui.

Usishawishike kupanda saizi kwa ajili ya urembo. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, tairi linaongezeka kipenyo kwa zaidi ya asilimia tatu. Spidomita ikionyesha 100 unakwenda 103, injini inachoka zaidi mlimani, na usukani ukikatwa hadi mwisho tairi linaweza kukwaruza bodi.

Tairi lolote zuri litakufa mapema likikosa upepo, kwa kuwa ubavu unaojikunja kila mzunguko huzalisha joto. Kipimo sahihi kimo kwenye bandiko la nguzo ya mlango wa dereva, pamoja na kile cha gari lililopakia. Ukipunguza upepo ili upite mchangani, jaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Pesa ikitosha mawili tu, yafunge nyuma, kwa sababu nyuma ya pikapu ndiyo huteleza kwanza. Yawe saizi ileile na ya mbele, na usiweke foo wili kwenye lami kavu. Usilipe kabla hujaiona DOT ya kila tairi kwa macho yako, na umwambie muuzaji aziandike tarakimu zake nne kwenye risiti.