Lifti ya skuta nyuma ya gari: ufa unaofichwa na rangi

Mnunuzi wa gari lililotumika hutazama injini, gia, tairi na kilomita. Wachache huinama nyuma, chini ya bampa, au kuinua zulia la buti kutafuta matundu ya bolti yaliyozibwa na kupakwa rangi. Kwa magari yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kisha kuendelea hadi Kampala au Bujumbura, matundu hayo yanaweza kueleza mengi kuliko kadi ya gari. Huenda huko lilikotoka, gari hilo lilifungwa lifti ya kubebea skuta ya umeme, kile kiti chenye magurudumu na betri kinachotumiwa na wazee na watu wenye ulemavu.

Lifti hizo ni za aina mbili. Moja ni mkono wa winchi unaofungwa kwenye sakafu ya buti. Nyingine ni jukwaa la chuma linaloning'inia nje, nyuma ya bampa, kwenye kishikio cha kuvutia tela. Hii ya pili ndiyo yenye madhara zaidi, na sababu yake ni hesabu ya mizani tu.

Skuta kubwa hupita kilo 100, na bado hujaongeza uzito wa lifti yenyewe. Tuseme jumla ni kilo 150, zikining'inia mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.6. Ekseli ya nyuma haibebi kilo 150. Inabeba 225, kwa kuwa mzigo unainua kilo 75 kutoka magurudumu ya mbele. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapungukiwa nguvu, taa zinamulika juu machoni mwa anayekuja. Hiyo ni gari likiwa limesimama. Likipita kwenye tuta au shimo, mzigo hurukaruka na kuivuta bodi chini kwa nguvu iliyozidi uzito wake mara kadhaa.

Gari lenye chesisi ya pekee, kama pikapu, huvumilia kiasi. Magari mengi madogo ya familia hayana chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, nayo imetengenezwa kwa mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa. Bolti ikibana bati jembamba bila kipande cha chuma cha kusambaza uzito, tundu hupanuka, rangi hupasuka, maji huingia, kutu huanza. Ufa huanzia hapo na kutambaa kuelekea kwenye boriti za pembeni. Dalili ya nje huwa ndogo: mlango wa buti unaogoma kufunga, pengo kati ya mlango na bodi lililo pana upande mmoja, tairi za nyuma zinazolika kwa ndani.

Jambo hili linawagusa wafanyabiashara wa mipakani kuliko linavyoonekana. Mjini Busia, watu wenye ulemavu walikuwa wakivusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu tangu kabla ya kituo cha pamoja cha mpaka kuzinduliwa Februari 2018. Anayetaka kutoka mpakani hadi masoko ya mbali anahitaji gari linalobeba baiskeli yake pamoja na bidhaa. Njia rahisi ni kumwomba fundi wa kuchomelea amtengenezee jukwaa la nyuma. Hapo kosa lile lile la ng'ambo hurudiwa nyumbani, safari hii gunia likiwekwa juu ya baiskeli.

Ukarabati wa kweli hauanzi na moto. Huanza na kipimo. Fundi huondoa lifti, huvua zulia na bampa, hukwangua rangi mpaka chuma kionekane, kisha hupima mshazari kutoka kona hadi kona na kulinganisha na vipimo vya kiwanda. Mishazari ikitofautiana, bodi imepinda, na lazima ivutwe kwenye mashine ya kunyooshea kabla ya kuchomelewa. Kuchomelea bodi iliyopinda ni kuufunga upotovu humo humo.

Kwenye chesisi ya pikapu, ufa husimamishwa kwa kutoboa tundu dogo kwenye ncha yake, kisha huchomelewa na kuongezewa bamba lenye ncha zilizochongoka, ili nguvu isikatike ghafla sehemu moja. Bodi ya gari dogo haitaki mabamba mazito. Kipande kilichochoka hukatwa pale kiwanda kinapoelekeza na kuwekwa kingine. Mitungi ya gesi ya kupashia moto, inayopendwa sana na mafundi wetu, ni adui hapa: chuma kigumu cha magari ya kisasa hupoteza nguvu kikipata joto kali, hata kikionekana kimenyooka. Betri hutenganishwa kwanza ili umeme wa kuchomelea usiunguze kompyuta ya gari, na fundi huhakikisha tangi la mafuta na mabomba yake viko mbali na cheche. Mwisho huwekwa dawa ya kuzuia kutu ndani ya boriti, mahali ambapo brashi haifiki, na magurudumu hupangwa upya.

Si kila gari lenye lifti ni la kukimbiwa. Magari ya Toyota ya mfululizo wa Welcab hutoka kiwandani yakiwa yameandaliwa kwa watu wenye ulemavu. Zaidi ya hapo, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru, kwa masharti, kwa magari yaliyobuniwa mahususi kwa ajili yao. Gari la kawaida lililofungwa lifti baadaye ni suala jingine, na ni busara kuwauliza maofisa wa forodha kabla ya kulipia meli.

Kwa gari lililokwisha fika, tochi na jeki vinatosha kuanza. Ukikuta rangi mpya chini ya buti la gari ambalo mahali pengine pote limepauka, mwambie muuzaji aikwangue mbele yako. Akikataa, bei bado haijafikia pa kujadiliwa.