Mwaka wa Kiwandani ni Mwaka wa Masomo



Wazazi wengi wa Sengerema, Misungwi, Magu na Ukerewe wana watoto wanaosoma katika vyuo vya Mwanza. Siku moja mtoto anarudi nyumbani na barua. Barua inasema kwamba atakwenda kiwandani kujifunza kazi kwa mwaka mmoja. Mzazi anauliza, "Je, umeajiriwa?" Mtoto anajibu, "Hapana." "Basi watakulipa?" Mtoto ananyamaza.

Wazazi wengine hukasirika hapo. Husema eti mtoto wao anakwenda kutumikishwa bure. Wengine humwacha aende bila kumwuliza neno. Wote wawili wanakosea. Katika makala hii tutaeleza mwaka huo ni wa nini, na mzazi anaweza kufanya nini ili usipotee.

MAFUNZO KAZINI NI NINI?

Mafunzo kazini ni masomo ambayo mwanafunzi huyapata mahali pa kazi. Muda wake hautoshani. Kozi nyingi hupeleka wanafunzi kwa wiki chache tu. Nyingine hupeleka kwa miezi, hata mwaka mzima. Madaktari wetu hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kamili. Mwaka huo huitwa utarajali. Wahandisi nao wana mpango wa miaka 3, ulioanza mwaka 2003.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule na kazi ziende pamoja. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Liliamua kwamba vijana waliomaliza kidato cha 6 wafanye kazi kwanza, ndipo waende Chuo Kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye. Lakini wazo lake lingali hai: aliyejua kitabu peke yake bado hajaijua kazi.

BINTI NA KRETI

Hebu tuchukue mfano wa binti mmoja kutoka Sengerema. Alisoma usindikaji wa samaki hapa Nyegezi, katika chuo cha uvuvi ambacho siku hizi ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Akapelekwa mwaka mmoja katika kiwanda cha minofu ya sangara.

Darasani alifundishwa kwamba samaki akishakufa huanza kuharibika mara moja. Vijidudu vilivyo juu ya ngozi, kwenye mashavu na tumboni huzaana haraka penye joto. Kwa hiyo samaki lazima alale kwenye barafu tangu mtumbwini mpaka kiwandani, karibu na nyuzi 0. Akigandishwa, lazima afike nyuzi 18 chini ya sifuri. Binti aliyajua hayo yote, na mtihani alifaulu.

Lakini kiwandani mambo yalikuwa mengine. Alipewa koti jeupe, kofia na gambuti, akaambiwa aoshe kreti. Mwezi wa kwanza aliosha kreti. Wa pili, kreti. Wa tatu, kreti tena. Posho ilikuwa haitoshi hata nauli ya daladala. Baba yake alipopata habari alisema, "Rudi nyumbani tulime pamba. Kuosha vyombo ulikuwa unajua tangu zamani."

Je, baba alikosea? Hakukosea kabisa. Kuosha kreti ni kazi muhimu, kwa sababu kreti chafu huchafua samaki safi. Kila mwanafunzi anapaswa kuijua. Lakini huijui zaidi kwa kuifanya miezi mitatu. Huko ni kumfanya mwanafunzi kibarua.

KILICHOMWOKOA NI DAFTARI

Kila mwanafunzi wa mafunzo kazini hupewa daftari la kazi. Kila siku anatakiwa aandike alichofanya na alichojifunza. Msimamizi wa kiwandani hutia sahihi, na mwalimu wa chuo hulikagua anapokuja kumtembelea.

Wanafunzi wengi hulidharau daftari hili. Huliandika lote usiku mmoja, mwishoni mwa mwaka. Binti huyu aliandika kila siku. Mwalimu alipokuja aliona kurasa nyingi zenye maneno mawili tu: "Nimeosha kreti." Hakuwa na haja ya kugombana na mtu. Alilifungua daftari mbele ya msimamizi, wakasoma pamoja. Siku hiyohiyo wakapanga ratiba: miezi miwili mapokezi, miwili kwenye meza za minofu, miwili vyumba vya baridi, na miezi mitatu ya mwisho kupima ubora.

Kazi ilianza kumfunza hapo. Mapokezi alijifunza kutambua sangara kwa macho na vidole: mashavu mekundu, macho yaliyojaa, nyama inayorudi ukiibonyeza. Alijifunza pia kupima urefu, kwa sababu sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Kwenye meza za minofu aliwaona akina mama wenye visu wakimaliza samaki mzima kabla yeye hajamaliza upande mmoja. Aliona pia kwamba hakuna kinachotupwa hovyo. Mabondo huuzwa ghali nchi za nje, na mapanki hupata wanunuzi hapahapa.

Mwezi wa kumi alikuwa akipima ubora. Kila Jumatatu alijaribu kipimajoto kwa kukichovya katika maji yenye barafu iliyopondwa. Maji hayo huwa nyuzi 0, kwa hiyo kipimajoto kizima lazima kisome 0. Jumatatu moja kilisoma nyuzi 3 chini ya sifuri. Maana yake nini? Samaki mwenye nyuzi 4 alikuwa ameandikwa kuwa na nyuzi 1!

Msimamizi aliuliza, "Tangu lini?" Binti akafungua daftari. Jumatatu iliyopita kilisoma 0. Basi mzigo wa kutiliwa shaka ulikuwa wa wiki moja tu. Bila daftari wangetilia shaka mzigo wa mwezi mzima.

Hilo si jambo dogo. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa kuhofia uvuvi wa sumu. Viwanda viliumia, na wavuvi wa mialoni wakaumia vilevile. Mteja wa mbali haoni sura zetu. Anaona maandishi yetu, na majibu ya vipimo kama vile vya maabara ya samaki iliyoko hapa Nyegezi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunasema, mwaka bila daftari nao hupotea vivyo hivyo.

MZAZI AULIZE NINI?

Kabla mtoto hajaondoka, mzazi aulize mambo haya matano:

1. Je, ipo barua au mkataba wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza?
2. Je, ipo ratiba inayoonyesha atapita idara zipi?
3. Msimamizi wake kiwandani ni nani, na mwalimu atamtembelea lini?
4. Atalala wapi, atakula nini, na nauli ni ya nani?
5. Akikatwa na kisu au mashine, nani atamtibu?

Kuna la sita, nalo tuliseme wazi. Msimamizi akidai mwili wa binti ili atie sahihi au atoe alama, hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa katika sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Mwambie binti yako asifiche. Taarifa hupelekwa TAKUKURU, na simu namba 113 hupigwa bure.

Mwisho, mtoto akija likizo, mwambie akuonyeshe daftari. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kulisoma. Kama kurasa thelathini zinasema neno lilelile, usimwambie aache mafunzo. Mwambie alipeleke kwa mwalimu wake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini binti alipewa ratiba mpya?
2. Kuna tofauti gani kati ya mwanafunzi wa mafunzo kazini na kibarua?
3. Katika kazi yako ya kilimo, uvuvi au ufugaji, ni mambo gani ungeandika kila siku? Yangekusaidia nini?