Anayepigwa na Anayepigiwa

Mwanafunzi wa sekondari huko Ikuti, mojawapo ya kata za Wilaya ya Rungwe, hufika kwenye Kiingereza akiwa tayari na lugha mbili: Kinyakyusa cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya msingi. Huko hukutana na vitenzi vinavyogeuka maana kila vinapofuatwa na kijineno kingine. Huambiwa akariri kwamba get up ni kuamka, get off ni kushuka kwenye gari, get over ni kupona au kusahau machungu, na orodha huendelea kurasa kwa kurasa. Hukubali, kwa sababu hudhani huo ndio ugumu wa lugha ya kigeni. Lakini kabla ya kipindi hicho kuanza amekwisha kupiga mswaki, kupiga pasi sare, kupiga deki darasa, pengine na kupiga chafya kwa baridi ya asubuhi, na hakuna mwalimu aliyemwuliza inawezekanaje kitenzi kimoja kifanye kazi zote hizo. Kupiga ni mtambo wa ajabu kuliko get, na unaendeshwa kwa kanuni inayoweza kufundishwa kwa kipindi kimoja. Nasikitika kwamba haifundishwi.

Kamusi zetu zina sehemu yake ya lawama. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalipa neno hili nafasi kubwa, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, nayo hailisahau. Hata hivyo desturi ya watunga kamusi ni kupanga misemo: piga bomba, piga chapa, piga fundo, piga hodi, kila mmoja na maana yake, kisha kuendelea na neno linalofuata. Msomaji hubaki akiamini kwamba kupiga ni neno lenye maana nyingi zisizohusiana, na kwamba hana la kufanya ila kuzimeza moja baada ya nyingine. Mwanafunzi wa Ikuti anapewa orodha mbili za kukariri, ya Kiingereza na ya Kiswahili, ingawa hiyo ya pili haihitaji kuwa orodha hata kidogo.

Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba asili ya kupiga ni kugonga kwa mkono au kwa kitu, na kwamba matumizi mengine yote ni sitiari ya kugonga huko. Yanaeleza ngoma, kofi na nyundo, halafu yanaishiwa nguvu. Mbiu ni pembe, nayo hupulizwa, lakini tunapiga mbiu. Filimbi, tarumbeta na baragumu hupulizwa pia, na zote hupigwa. Anayepiga miayo hagongi chochote, wala anayepiga mbizi, wala anayepiga hesabu kichwani. Nadhani ni sahihi zaidi kusema kwamba katika misemo hii kitenzi kimeachia uzito wake, na nomino inayokifuata ndiyo inayobeba maana. Kazi iliyobaki kwa kupiga ni kuigeuza nomino hiyo kuwa tendo, hasa tendo lenye mwanzo wa ghafla, lenye sauti au lenye nguvu. Wala si Waswahili peke yao waliobuni njia hii. Katika Kiajemi kitenzi zadan maana yake ni kupiga, nacho kikiunganishwa na nomino hutoa harf zadan, yaani kuzungumza, na mesvak zadan, ambayo kila Mswahili anaielewa bila mkalimani. Watu wa mbali na sisi wamechagua kitenzi kilekile kwa kazi ileile, na hiyo inanipa sababu ya kuamini kwamba si ovyo wala si uvivu wa wasemaji.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambayo imo ndani ya irabu moja. Tunasema amempiga kofi, amempiga teke, amempiga sindano, amempiga busu, amempiga chenga. Lakini tunasema amempigia simu, amempigia kura, amempigia magoti, amempigia saluti, amempigia makofi. Kila msemaji mzuri huzitenganisha safu hizi bila kufikiri. Ukisema umempiga mtu simu, utaulizwa kama ameumia. Tofauti ni hii: katika safu ya kwanza tendo linamshukia mtu mwenyewe na kumfanya kitu, katika ya pili tendo linafanyika mahali pengine na kuelekezwa kwake. Sindano inaingia mwilini, kura inaingia sandukuni. Anayepigiwa simu anaweza asipokee, anayepigiwa kura anaweza asijue ni nani aliyempa, na anayepigiwa magoti anaweza akageuka na kuondoka. Anayepigwa sindano hana nafasi hiyo. Kwa vitu ni vivyo hivyo: nguo hupigwa pasi, ukuta hupigwa rangi, mbao hupigwa randa, na shamba la viazi likishambuliwa na ukungu hupigwa dawa. Mkulima akisema amepigiwa dawa, unajua mara moja kwamba kuna mtu aliyemfanyia kazi hiyo, na kwamba dawa imekwenda kwenye viazi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa misemo miwili inayokaribiana kwa maana. Kumpiga mtu jeki ni kumsaidia, na kumpigia mtu debe ni kumsaidia pia, kwa kumsifu mbele za watu. Ikiwa irabu hiyo ingefuata maana ya jumla, yote miwili ingekuwa na umbo moja, kwa kuwa yote ni hisani. Haiko hivyo, kwa sababu kila msemo unakumbuka ulikotoka. Jeki huwekwa chini ya gari na kuliinua, kwa hiyo anayesaidiwa amekaa mahali pa gari, naye hupigwa. Debe ni bati, kelele hutoka kwenye bati hilo, na mteja au mgombea yuko pembeni akinufaika na kelele, kwa hiyo hupigiwa. Wapigadebe wa stendi ya mji wa Tukuyu, huko Rungwe, hawapigi tena mabati, wanaita abiria kwa sauti zao tu, lakini sarufi haijasahau bati. Mfano mwingine uko katika kila karatasi ya mtihani: pigia mstari jibu sahihi. Mstari huo hupita chini ya neno bila kuligusa, nalo neno hupigiwa. Yule mtu wa zamani aliyeunda agizo hilo hakuhitaji kuelezwa kanuni, alikuwa nayo.

Mpinzani makini atataja picha. Kamera haimgusi mtu, lakini tunasema amenipiga picha, na amenipigia picha maana yake ni kwamba alipiga picha ya kitu kingine kwa ajili yangu. Je, hapa kanuni haijavunjika? Sidhani. Kinachoamua ni nani anayefanywa kuwa kitu cha tendo, na kugusana kwa ngozi ni namna moja tu ya jambo hilo. Huwezi kumpiga picha mtu asiyekuwepo mbele ya lenzi, na akishapigwa, sura yake imechukuliwa apende asipende. Marufuku ni hivyohivyo: chama kilichopigwa marufuku hakikuguswa na mkono wa mtu, ila amri imekiangukia chenyewe. Mpinzani huyo akiniuliza kuhusu simu, nitamrudisha nyuma kidogo. Simu ni neno lililotoka katika Kiajemi kwa maana ya waya, na pwani yetu lilitumika kwa telegrafu kabla halijatumika kwa chombo cha kuongelea. Kebo ya telegrafu ilifika Zanzibar mwaka 1879, na mpeleka ujumbe wa siku zile alikuwa akigonga kitufe kwa kidole kwelikweli. Kilichogongwa kilikuwa kitufe, mwisho wa waya huu, na mpokeaji alikuwa ng'ambo ya bahari. Umbali huo ndio uliobaki ndani ya kupigia hadi leo, hata kama unayempigia ameketi chumba cha pili. Kura nayo ina safari yake: Biblia ya Kiswahili hutumia kupiga kura kwa namna Mathiya alivyopatikana kushika nafasi ya Yuda, na kura zile zilikuwa za bahati, wala hazikuwa za karatasi. Kifaa kimebadilika kabisa, irabu imebaki palepale.

Kuna mpaka mwingine ambao haupewi heshima yake. Hatusemi kupiga baridi wala kupiga butwaa. Hali inayomjia mtu bila yeye kuitaka hugeuza kitenzi upande wa pili: amepigwa na butwaa, amepigwa na bumbuwazi, amepigwa na jua, na Rungwe, mahali penye mvua na ukungu mwingi, amepigwa na baridi. Hapo hali yenyewe ndiyo mtendaji. Miayo na chafya huonekana kama zinapinga, kwa kuwa nazo hazitakwi, lakini ni vitendo vya mwili vyenye mlipuko na sauti, na ndiyo maana zimekaa upande wa kelele na mluzi. Kukohoa kuna kitenzi chake, kwa hiyo hakukuhitaji msaada.

Viambishi vingine navitaja kwa kupita. Kupigana ni kugombana, lakini kupigiana hakuna ugomvi wowote, ni simu tu zinazokwenda na kurudi. Kutoka kupigana tumepata kupigania, na tunachokipigania, uhuru au haki au shamba la babu, kimekaa mahali palepale anapokaa anayepigiwa kura: ndicho kinachonufaika. Kupigilia ni kupiga na kurudia mpaka kitu kikae, kama msumari, au kama sakafu na mapaa ya chokaa ya nyumba za mawe za pwani, yaliyoshindiliwa kwa vipigilio mpaka yakashikamana.

Walinzi wa Kiswahili fasaha wana lalamiko, nalo ni la haki kiasi. Wanasema vijana wanapiga kila kitu: wanapiga msosi badala ya kula, wanapiga kazi badala ya kufanya kazi, wanapiga hela badala ya kuiba, na vitenzi vizuri vinakaa bila kazi. Nakubali kwamba mwandishi anayetumia kupiga kwa kila jambo ni mwandishi maskini. Sikubali kwamba mtambo umeharibika. Aliyepiga msosi hakula tu, amekula kwa nguvu na kwa kuridhika, na tofauti hiyo ndiyo ileile ya mwanzo wa ghafla na nguvu niliyoitaja juu. Tena tazama maneno mapya yanavyoingia: aliyetaka mazungumzo ya video husema nipigie vidiokoli, na aliyetaka sura yake ichukuliwe husema nipige selfi. Hakuna kamusi iliyowafundisha waliotangulia kusema hivyo. Kanuni iliyopanga simu na picha kwenye safu mbili tofauti ilizipokea na hizi siku ileile. Hata upigaji, neno ambalo Tanzania nzima inalitumia kwa wizi wa mali ya umma, lina mantiki: anayetapeliwa husema nimepigwa, bila nomino yoyote, kwa sababu hasara imemwangukia yeye mwenyewe.

Hapa ndipo ninapowalaumu wanaopanga masomo. Kinyakyusa, kama lugha nyingine za Kibantu, kina kauli yake ya kutendea. Mtoto wa Ikuti hutenganisha nyumbani kwao anayefanywa kitu na anayefanyiwa kitu kabla hajajua neno moja la Kiswahili. Kamusi ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili ya Knut Felberg ilichapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 1996, na Bastian Persohn alitoa kitabu kizima juu ya kitenzi cha Kinyakyusa mwaka 2017. Nyenzo zipo. Mwalimu angeweza kuanza na kauli ya kutendea ya Kinyakyusa, akavuka kwenda kupiga na kupigia, na mwisho akafika kwenye vijineno vya Kiingereza akiwa na darasa linalojua tayari kwamba kitenzi kinaweza kuachia maana yake kwa neno linalokifuata. Badala yake lugha ya mama huhesabiwa kuwa kikwazo cha matamshi. Ni hazina inayoachwa nje ya mlango wa darasa, na wanaoiacha ni watu waliolelewa ndani yake.

Matumizi mengine ni mengi mno. Fundi hupiga lipu, msasa, muhuri na jeki. Mwanamichezo hupiga kona, penalti na pasi, ambayo si ile ya nguo. Askari hupiga kwata na kambi. Baharia hupiga makasia. Mganga hupiga ramli na bao. Dalali hupiga mnada na bei. Mwanamuziki hupiga kila chombo alichonacho, kinanda, zeze, gitaa. Wazee hupiga soga, wambea porojo, akina mama vigelegele. Serikali hupiga faini, hupiga vita ujinga, na ina Mpigachapa wake Mkuu. Mwenye hofu hupiga moyo konde. Anayetunga kamusi ijayo aandike kando ya kila msemo, kwa herufi moja tu, kama mlengwa wake hupigwa au hupigiwa.