Mgeni Anayelelewa na Wenyeji: Maisha ya Mmisionari Kusini mwa Tanzania

Kila mwezi wa Oktoba, Mama Kanisa anapoadhimisha Dominika ya Kimisionari, wengi wetu hapa Mtwara hujiwa na picha ile ile: padre mzungu mwenye ndevu nyeupe, kanzu iliyofifia kwa jua, gari kuukuu lililojaa vumbi, na watoto wakilikimbilia. Picha hiyo si ya uongo, kwani wazee wetu walimwona mtu huyo kwa macho yao. Hata hivyo imetuzoesha kumtazama mmisionari kama mtu aliyekuja kutoa, nasi kama watu tuliokaa kupokea. Historia ya kusini ina upande mwingine, na waamini wa Chikongola na maparokia jirani wana haja ya kuufahamu, maana bado tunaletewa wageni wa namna hiyo.

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walifika Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888. Januari 1889 misheni hiyo ilishambuliwa wakati wa vita vya Abushiri, na baadhi yao wakauawa. Hawakukata tamaa. Walielekea kusini, wakafungua Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896, na Peramiho mwaka 1898. Walijenga, walilima, walifundisha watoto kusoma. Lakini walikuwa wamekuja chini ya kivuli cha bendera ya Ujerumani, na kwa mwanakijiji aliyelazimishwa kulima pamba na kulipa kodi, haikuwa rahisi kumtenga mzungu wa msalaba na mzungu wa bunduki.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipolipuka, Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto. Sista Walburga Diepolder alipoteza maisha. Tarehe 14 Agosti mwaka huo, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tunawakumbuka kwa heshima, na ni haki. Lakini tusiwasahau maelfu kwa maelfu ya wazee wetu waliokufa kwa risasi, na zaidi kwa njaa, baada ya serikali ya kikoloni kuchoma mashamba na maghala. Damu ya pande zote mbili imo katika ardhi hii. Mwaka uliofuata, 1906, misheni ya Ndanda ilianzishwa chini ya uwanda wa Makonde, na watu walewale waliotoka vitani wakaanza tena kuonana na wamisionari uso kwa uso.

Hapo ndipo maisha ya kila siku yalipoanza kuwa somo. Mmonaki wa Ndanda aliamka kabla ya alfajiri kwa sala, kisha akaenda kwenye kazi: useremala, uashi, shamba, darasa. Hayo aliyajua tangu kwao. Asiyoyajua yalikuwa mengi zaidi. Hakujua kwamba juu ya uwanda hakuna maji, na kwamba mama aliyechelewa mafundisho ya katekisimu hakuwa mvivu. Alikuwa ameshuka bondeni usiku na kupanda tena na mtungi kichwani. Hakujua kuhesabu saa kwa kuanzia macheo, hivyo ibada iliyotangazwa saa mbili ilimkuta yeye na waamini kila mmoja kwa wakati wake. Hakujua kwamba kukataa muhogo au ming'oko ya mwenyeji kwa kisingizio cha kushiba ni kumwambia kuwa nyumba yake ni chafu.

Nani alimfundisha? Kwa sehemu kubwa, makatekista. Majina yao hayakuandikwa vitabuni kama ya maaskofu, lakini wao ndio waliotafsiri hotuba, waliosahihisha lugha, waliomwonya padre asiingie ua wa mtu bila kupiga hodi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani walipoondolewa nchini, makatekista ndio walioendelea kukusanya watu kwa sala na kubatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Padre aliporudi katika miaka ya 1920 alikuta Kanisa ambalo halikumngoja ili liweze kusali. Miaka hiyohiyo, mwaka 1919, Papa Benedikto XV katika barua yake Maximum Illud alikuwa amewaagiza wamisionari duniani kote wajifunze vema lugha za watu na waandae mapadre wazalendo. Kusini, agizo hilo lilikuwa limekwisha kuanza kutekelezwa na walei bila kungoja barua.

Masista nao walijifunza kwa njia yao. Sista Thekla Stinnesbeck, daktari wa shirika la Wabenediktini Wamisionari wa Tutzing, alifika Ndanda katika miaka ya 1920 na kutumikia wagonjwa kwa miaka mingi, wakiwemo wenye ukoma. Daktari wa mahali kama hapo hawezi kutibu bila kuongea. Itambidi ajue kuwa mgonjwa haji peke yake bali na ndugu zake, kwamba uamuzi wa kumpasua hautolewi na mgonjwa tu, na kwamba mama mja mzito atasema jambo la siri kwa mwanamke mwenzake, si mbele ya mjomba.

Jambo lililowashinda wengi ni jando na unyago. Wamisionari wa mwanzo walizitazama mila hizo kwa mashaka, nao walikuwa na sababu: baadhi ya mafundisho na ngoma zake hayakupatana na imani, na watoto walitoweka darasani kwa majuma. Lakini kumkataza mtoto kwenda jandoni kulikuwa kumwacha bila umri. Hata akioa, ataitwa mtoto. Jirani zetu Waanglikana wa Masasi, chini ya Askofu Vincent Lucas, walijaribu mapema kuipa jando sura ya Kikristo. Kwa upande wetu Wakatoliki mjadala ulikuwa mrefu, na tuseme ukweli, haujaisha. Mpaka leo ratiba ya Komunyo ya kwanza katika parokia nyingi hupangwa kwa jicho moja kwenye kalenda ya liturujia na jingine kwenye likizo ya shule, wakati wa ngoma.

Mazingira ya mji kama Chikongola yanaongeza jingine. Hapa Mkristo huishi ukuta kwa ukuta na Mwislamu, na mara nyingi ni wa tumbo moja. Padre anayekuja kutoka nchi au mkoa ambako karibu kila mtu ni Mkatoliki atashangaa kumkuta bibi wa marehemu amevaa baibui katika safu ya mbele ya mazishi. Akiwa na mtu wa kumwongoza, ataketi kwanza mkekani, atasalimia wazee wa pande zote, na ndipo afungue kitabu cha sala. Akiwa hana, ataanza na sala, na wafiwa watamsamehe kimya kimya bila yeye kujua amekosea. Kimya hicho ndicho kinachotutia wasiwasi.

Maana mmisionari wa leo si lazima awe mzungu. Jimbo letu, lililoundwa mwaka 1972, lina mapadre wake, na mashirika yanatuletea Watanzania kutoka Songea, Moshi au Bukoba, na pengine ndugu kutoka India au Kongo. Kijana aliyekulia migombani huku kwetu ni mgeni kama Mjerumani wa mwaka 1906, ila kwa kuwa anasema Kiswahili tunadhani hahitaji kufundishwa. Tunamwomba mchango wa bati, tunamwomba gari la msiba, halafu tunamnung'unikia nyuma ya kanisa kwa kuwa amehimiza zaka mwezi Machi, wakati kila mtoto wa hapa anajua fedha huonekana baada ya korosho kuuzwa.

Padre huyo hakuwa mkaidi. Hakuna aliyemwambia. Wazee wa parokia walikuwapo, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo walikuwapo, akina mama wa WAWATA walikuwapo, na kila mmoja alidhani ni utovu wa adabu kumsahihisha padre. Babu zetu makatekista hawakufikiri hivyo.

Basi atakapofika mgeni mwingine, kabla ya kukabidhiwa orodha ya mahitaji ya kigango, afaa apewe kwanza mtu: mzee au mama mmoja wa kumpeleka msiba wake wa kwanza, kumwonyesha mahali pa kuketi, na kumwambia wakiwa njiani kurudi, kwa upole, ni wapi alipokosea.