Je, Wajua? Uwanja wa Kikapu Unaogeuka Bwawa
Mjini Rotterdam, Uholanzi, kuna uwanja wa mpira wa kikapu uliojengwa makusudi ili mvua kubwa iufurishe. Uko Benthemplein, eneo la wazi lililofunguliwa mwaka 2013 na kusanifiwa na kampuni ya De Urbanisten. Sehemu kubwa ya jiji hilo iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya mvua hayana mteremko wa kukimbilia.

Benthemplein ina mabonde matatu. Mawili yenye kina kifupi hupokea maji kila inaponyesha, yakiletwa na mifereji ya chuma cha pua iliyo wazi, watoto wakiyatazama yakipita. La tatu, lenye kina kirefu, ndilo uwanja wenyewe, nalo hujaa mvua ikishika kwelikweli. Siku kavu, ngazi zinazolizunguka ni viti vya watazamaji. Siku ya mafuriko, ni kingo za bwawa. Kwa jumla, mabonde yote matatu huweza kuhifadhi takriban lita milioni 1.7.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba wanafunzi wa vyuo jirani na waumini wa kanisa la hapo walikaa na wasanifu wakapanga pamoja, kabla zege halijamwagwa.