Akili Bandia Hospitalini: Je, Mahali pa Kazi Pamejiandaa?

Ndugu wafanyakazi wa hospitali ya Gihundwe na wa vituo vya afya vya Rusizi,

Mwezi Januari 2026 wakfu wa Gates na kampuni ya OpenAI ya Marekani walitangaza mpango uitwao Horizon1000. Ni dola milioni 50 za kupeleka akili bandia katika zahanati 1,000 za Afrika ifikapo mwaka 2028, na nchi ya kuanzia ni Rwanda. Yafaa basi tulielewe jambo hili kabla halijatufikia mezani.

Akili bandia ni programu ya kompyuta iliyolishwa maandishi na picha nyingi mno, hata ikaweza kukisia jibu. Tunasema kukisia kwa makusudi. Haimgusi mgonjwa wala haisikii pumzi yake. Inasoma tu kile alichokiandika muuguzi au mtu wa maabara. Wakubwa huuliza kama mashine inafanya kazi. Sisi twauliza kwanza kama mahali pa kazi pamejiandaa kuipokea, na ushahidi wa kwamba hilo ndilo swali uko kwa jirani zetu wa Nairobi.

Mwaka 2025 zilitolewa habari za utafiti katika zahanati 15 za Penda Health, juu ya ziara 39,849 za wagonjwa. Matabibu wengine walipewa programu, wengine hawakupewa. Programu ilisoma maandishi ya tabibu na kuonyesha rangi: kijani endelea, njano tazama tena, nyekundu simama ufikiri. Uamuzi ulibaki kwa tabibu. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa 16 kwa mia, na ya matibabu kwa 13 kwa mia. (Wenye mashine walishiriki katika utafiti huo, na kwa upande wa wagonjwa kupata nafuu haikuthibitika tofauti.)

Lakini somo letu liko kwingine. Mwanzoni, kati ya ziara 35 na 40 katika kila 100 ziliisha na rangi nyekundu, sawa na kwa wale wasio na programu. Chombo kilikuwapo, ila hakikubadili kitu. Ndipo wakawekwa matabibu wenzao wa kuwafundisha mmoja mmoja, kazi ikafuatiliwa, wanaofanya vizuri wakatambuliwa. Nyekundu zikashuka hadi 20. Kazi hiyo ya kufundishana ina saa zake, na saa hizo ni za mfanyakazi.

Tujitazame sasa. Muuguzi mwenye foleni hadi mlangoni atajifunza saa ngapi? Mgonjwa avukaye kutoka Bukavu aeleza maumivu yake kwa Kiswahili, muuguzi anaandika kwa Kifaransa au Kiingereza, na jina huenda likaandikwa leo hivi na kesho vile. Mashine ikisomeshwa daftari la namna hiyo, itaona watu wawili palipo na mmoja. Kurekebisha madaftari ni kazi ya karani wa takwimu, ambaye kwenye mikutano ya mipango hukumbukwa mwisho.

Lipo pia suala la mwenye mali. Huduma ya Babyl ilianza Rwanda mwaka 2016. Mgonjwa alipiga simu akahudumiwa na muuguzi au daktari. Machi 2020 ilitiwa saini mapatano ya miaka kumi na serikali, na waliojiandikisha walizidi milioni mbili. Mwaka 2023 kampuni mama, Babylon ya Uingereza, ilifilisika, na Babyl ikafungwa. Wauguzi wa hapa hawakuwa na kosa lolote katika hesabu za London.

Sheria Na. 058/2021 ya kulinda taarifa za watu inampa mtu haki ya kutokatiwa uamuzi na mashine peke yake. Ni ngao ya mgonjwa. Ngao ya muuguzi hatuna budi kuitafuta katika makubaliano ya pamoja, ambayo sheria ya kazi ya 2018 inayaruhusu. Wajumbe wetu waombe yaandikwe haya kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa: saa za mafunzo zihesabiwe kuwa saa za kazi, muuguzi aliyekataa ushauri wa mashine kwa sababu aliyoiandika asiadhibiwe, ijulikane nani anajibu mashine ikikosea, na kampuni ikiondoka, taarifa za wagonjwa zibaki hospitalini. Hadi hapo, daftari la karatasi lisitupwe.